Hodi kwa Nkubwa

Selestini alizikwa na matope masikioni. Walimwosha kwa ndoo moja ya kuazima, kwa sababu Newala nzima ilikuwa imekauka tangu bomba lililomuua lilipopasuka. Mtu aliyelinda maji ya mji akaenda kaburini mchafu. Inspekta Cuthbert Namalowe aliambiwa hivyo mara tatu kabla hajafika kituo cha polisi, na kila aliyemwambia alimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyelifunga bomba.

Alikuwa ametoka Masasi alfajiri. Ukungu wa Juni ulikuwa umeukalia mji, na watu walitokea ndani yake ghafla, ndoo tupu kichwani, wakapotea tena. Cuthbert alikuwa Mmakua wa Lulindi, mfupi, mnene wa shingo, mtu asiyependa maneno mengi. Aliingia kituoni akakaa bila kukaribishwa.

"Kesi imekwisha, afande," alisema Sajenti Rajabu, mkuu wa kituo. "Umekuja kula kuku tu."

"Kuku atapikwa na maji gani?"

Rajabu akacheka kidogo, kisha akaacha. Akaeleza. Tangu serikali iiachie kampuni ya Chinungu Maji mradi ule, maji yalipandishwa kutoka bondeni kwa pampu kubwa zinazoongozwa na kompyuta. Tangi la juu likijaa, mlango wake hujifunga wenyewe. Pampu zikiendelea kusukuma, maji hukosa pa kwenda na presha hupanda ndani ya bomba. Hapo kompyuta hutakiwa kuzima pampu na kupiga kengele. Siku ile tangi lilijaa, mlango ukajifunga, pampu zikaendelea. Bomba likapasukia katikati ya mteremko, ndani ya shimo la koki kubwa, na ndani ya shimo hilo alikuwamo Selestini na spana yake.

"Zamu bondeni ilikuwa ya nani?"

"Fikirini. Peke yake. Anasema kengele haikulia mpaka bomba lilipokwisha kupasuka. Muongo. Nilikwenda mwenyewe nikabonyeza kitufe cha majaribio, kengele ikalia papo hapo, nusura niruke dirishani. Kompyuta nzima kabisa. Mtu aliichezea siku ile, halafu akairudisha."

"Kwa nini amuue mwenzake?"

"Waligombana jana yake. Mke wa marehemu alimsikia mumewe anapiga kelele: 'Utaniua weye!' Mtu anataja kifo chake na muuaji wake, kesho yake anakufa. Unataka nini tena? Gari la Mtwara linakuja kumchukua baada ya adhuhuri."

Cuthbert akasimama. Gari hilo likiondoka na Fikirini, litaondoka naye kama muuaji, na mauaji ni kitanzi. Kutoka Mtwara jalada huwa zito kulirudisha.

"Nifungulie mahabusu," alisema.

Fikirini alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mrefu, aliyechuchumaa pembeni kama anayejificha kwenye mwili wake mwenyewe. Alisimama haraka alipomwona mkubwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kengele ililia?"

"Haikulia, afande. Nilisikia nlima unanguruma kwanza. Ndipo ikalia."

"Ulikuwa umelala?"

"Hapana. Nilikuwa dirishani, nawatazama watu wa maboza, haya magari ya tangi, wanajaza maji."

"Maboza mangapi?"

"Yalikuwa matatu."

"Mligombania nini na Selestini?"

Fikirini akatazama sakafu. "Mambo ya kazi tu, afande."

"Kazi gani?"

"Kazi."

"Nani mwingine amekuja kukuona humu?"

"Nke wangu, Zuhra. Na bosi."

"Bosi alisema nini?"

"Alinipa pole."

Cuthbert alisubiri. Mtu mwoga huongezea neno ukimsubiri. Huyu hakuongezea. Alikuwa anaogopa kitanzi, lakini kulikuwa na kitu alichokiogopa zaidi ya kitanzi, na kitu hicho alikifunga mdomoni kama mtu aliyebeba maji bila chombo.

"Mvalishe pingu," Cuthbert alimwambia Rajabu. "Anakwenda na sisi bondeni. Lakini kwanza nipeleke kwa mjane."

Agatha alikuwa uani kwake amekaa mkekani na wanawake wa msibani. Fikirini aliachwa garini, kichwa chini, nyuma ya uzio. Cuthbert alivua kofia, akatoa pole, akakaa kwenye kigoda alichopewa.

"Mama, ulimsikia marehemu akigombana."

"Nilimsikia. Walikuwa hapo, nyuma ya jiko."

"Niambie maneno yenyewe. Usiniambie maana yake."

"Alisema, 'Utaniua weye.'"

"Akaishia hapo?"

Agatha alifikiri. Mwanamke mmoja akataka kumsaidia, Cuthbert akamwinulia kidole anyamaze.

"Hapana. Alisema, 'Utaniua weye na adabu yako!' Akarudia. 'Na adabu yako hiyo!' Nilinwambia Sajenti yote."

Cuthbert akamgeukia Rajabu.

"Hayo ya adabu sikuyaandika," Rajabu alisema, "kwa sababu hayana maana. Nani anauawa kwa adabu?"

"Ungeandika kwanza, ukaelewa baadaye."

Wakarudi garini. Rajabu alikaa kimya njia nzima ya kushuka mteremko. Mtu haambiwi hivyo mbele ya wanawake.

Walipita penye shimo la koki. Kifuniko chake cha chuma kilikuwa kimerushwa kwenye mkorosho na kuvunja tawi. Cuthbert aliteremka, akachungulia, akarudi. Hapakuwa na la kujifunza pale isipokuwa kwamba maji yakikosa njia hujitengenezea.

Bondeni hali ilikuwa nyingine. Pampu za mji zilikuwa kimya, lakini upande wa pili wa nyumba ya mitambo maboza yalipanga foleni, na matatu yaliyojaa yalikuwa yanatoka kwa pamoja. Yalikuwa na bomba lao na pampu yao ndogo, hayakuhusiana na bomba lililopasuka. Mji juu unalamba umande, na huku lita zinamwagwa kwenye maboza ya mkandarasi wa barabara na ya maghala ya Masasi.

Chumba cha kompyuta kilikuwa kidogo na safi. Ndani alikuwamo Dorika, fundi wa kampuni, binti wa Tanga aliyesomea chuo cha ufundi. Alikuwa amerudi jana yake kutoka masomoni Dar es Salaam. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nieleze hii mashine kama unavyomweleza mama yako," alisema Cuthbert.

"Mama yangu ni mwalimu wa hesabu, afande."

"Basi mweleze baba."

Dorika akatabasamu kwa shida. Akagonga sanduku la chuma.

"Humu ndani mna bongo mbili. Muda wote zina kazi zake za kawaida: kusoma, kupanga, kuonyesha kwenye kioo. Kitu kikitokea nje, waya unaleta hodi. Ubongo unaopigiwa hodi unaacha ulichokuwa unafanya, unakwenda mlangoni, unamhudumia mgeni, halafu unarudi ulipoishia."

"Na bongo ziko mbili. Nani anakwenda mlangoni?"

"Hilo ndilo swali, afande. Unaiacha mashine ichague, au unapanga mwenyewe: hodi hii mlango huu, hodi ile mlango ule. Sisi tumepanga. Huu ubongo wa kwanza tunauita Mdogo, ni jina la utani alilolianzisha mwenzetu Cecil wa hapa Newala, yule aliyelazwa hospitali ya Mkomaindo mwezi mzima sasa kwa mguu. Hodi zote ndogo zinakwenda kwa Mdogo: umeme, kina cha maji, mita za maboza, kibodi. Ubongo wa pili ni Mkubwa. Kwake inakwenda hodi moja tu. Presha."

"Siku nzima anangoja hodi moja?"

"Siku nzima. Wiki nzima. Kukaa bure ndiyo kazi yake. Kompyuta ya ofisini ikichelewa, karani anakunywa chai. Hii haina ruhusa ya kuchelewa. Hapa jibu sahihi likichelewa ni jibu baya."

"Mita za maboza zinapiga hodi vipi?"

"Kila lita ikipita, hodi."

"Boza moja lina lita elfu ngapi?"

"Kumi. Na bomba lile ni pana, lita zinakimbia." Dorika alisita. "Ndiyo maana ziko kwa Mdogo."

"Ziko?"

Dorika akageuka nyuma. Mlango ulikuwa umefunguka. Aliingia mwanamume wa makamo mwenye kanzu safi na koti juu yake, simu mbili mkononi ingawa bondeni hapakuwa na mtandao hata wa moja. Huyu alikuwa Mujibu Sadallah, meneja wa Chinungu Maji, mtoto wa wafanyabiashara wa Masasi tangu enzi za babu zao.

"Inspekta! Karibu, karibu. Ungesema ningekuandalia chochote." Akamwona Fikirini na pingu zake mlangoni. "Maskini. Nilimwamini huyu kama mwanangu. Lakini mimi mambo ya kompyuta siyajui, Inspekta. Mimi mtu wa biashara. Hapo sijui hata pa kuwashia."

"Huhitaji kujua," alisema Cuthbert. "Dorika, nionyeshe huo mpango wa hodi."

Dorika alimtazama meneja, kisha akakaa mbele ya kioo. Vidole vyake vilibonyeza polepole. Mistari ikapanda. Akaitazama, akasogea karibu, akatazama tena, na mkono mmoja ukamwenda mdomoni.

"Nini?"

"Hakuna, afande."

Cuthbert aliinama. Kila mstari ulikuwa na namba ambazo hakuzielewa, na pembeni maneno ya Kiswahili. Aliyasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Umeme, Mdogo. Kina, Mdogo. Kibodi, Mdogo. Presha, Mkubwa. Maboza..." Akasoma moyoni mara ya pili. "Haya maneno ya pembeni yanaandikwa na mashine?"

"Hapana. Yanaandikwa na mtu, ili mwenzake aelewe. Wenye ufunguo wa kuyabadilisha ni watatu: mimi, Cecil na Fikirini."

"Wewe uliyaandika haya?"

"Niliyaandika yote tulipofunga mitambo."

"Na huu wa mwisho?"

Dorika akamtazama meneja tena. Mujibu alikuwa anafuta simu yake kwa pindo la koti.

"Sikumbuki, afande."

Cuthbert hakumkazania. Binti yule alikuwa na hofu ya kibarua, na hofu ya kibarua haitoki kwa kukaripiwa mbele ya mwenye kibarua.

"Sawa. Tufanye kama Sajenti alivyofanya. Kitufe cha majaribio kiko wapi?"

Kilikuwa ukutani, chini ya kisanduku cha presha. Ukikibonyeza, Dorika alieleza, kompyuta inapata hodi ileile inayopata bomba likitaka kupasuka.

Cuthbert akabonyeza. Kengele ikalia papo hapo, kali, mpaka Fikirini akafumba macho.

"Si nilikwambia?" alisema Rajabu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu msibani.

"Ulisema. Ulipojaribu wewe, maboza yalikuwa yanajaza?"

Rajabu akafikiri. "Hapana. Niliwafukuza wote. Ilikuwa sehemu ya tukio."

"Kazi nzuri. Ndiyo maana hukuona kitu." Cuthbert akaenda dirishani, akawaita madereva waliokuwa wameegemea maboza yao. "Nyie! Sogezeni magari. Nataka mjaze."

"Moja moja!" Mujibu alidakia. Alikuwa amefika dirishani kabla Cuthbert hajamaliza sentensi. "Moja moja, jamani! Msifungulie matatu kwa pamoja!"

Madereva wakasimama. Cuthbert akageuka taratibu.

"Kwa nini moja moja?"

"Kwa... usalama tu. Bomba, Inspekta. Bomba lisizidiwe."

"Dorika. Lile bomba la maboza linazidiwa na matatu?"

"Halizidiwi," alisema Dorika kwa sauti ndogo. "Lina midomo mitatu. Kila siku wanajaza matatu."

"Nimeikuta foleni hapa, na nimeona magari matatu yanatoka kwa pamoja. Hukupiga kelele wakati huo, meneja. Umepiga sasa, nilipotaka kubonyeza kengele. Nani amekwambia kwamba maboza matatu yana shida na kengele, wewe usiyejua pa kuwashia?"

Mujibu akazitia simu mfukoni. Akatabasamu. "Nimesema tu, Inspekta. Neno limetoka."

"Maneno hutoka. Fungulieni yote matatu!"

Maji yakanguruma. Kwenye kioo tarakimu za lita zilianza kukimbia, tatu kwa mpigo, haraka kuliko jicho. Cuthbert akaweka kidole gumba kwenye kitufe, akabonyeza, akakishikilia.

Kimya.

Cuthbert hakuwa na saa mkononi. Akaanza kusali Baba Yetu kimoyomoyo, kwa mwendo wa kanisani, bila haraka. Akafika kwenye mkate wa kila siku, kengele kimya. Akafika kwenye makosa yetu, kimya. Rajabu alikuwa ametoa macho. Nje dereva mmoja aliyejaza akafunga mdomo wake wa bomba, zikabaki tarakimu mbili zinazokimbia, na hapo kengele ikalia kama kitu kilichoshtuka usingizini.

Cuthbert akaachia kitufe. Akawapigia kelele madereva wafunge.

"Huo ndio usingizi wa Fikirini," alisema. "Presha ilipiga hodi. Mlango ulikuwa umejaa watu wa maboza."

"Niliwaambia!" Dorika alilipuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilimwambia yeye, bosi, kabla sijakwenda masomoni. Aliniita akaniambia nihamishie maboza kwa Mkubwa na niyape nafasi ya kwanza. Nikamwambia haiwezekani, maboza matatu yakifunguliwa kwa pamoja kengele itazama. Matatu, nilimwambia matatu! Nikakataa. Akasema basi, yameisha. Nikasafiri nikijua yameisha."

"Huyu binti nilikuwa namwachisha kazi," alisema Mujibu. "Ana kisasi. Na hata kama nilisema, mimi ndiye niliyebonyeza? Inspekta, niweke mbele ya hiyo mashine, kama nitaweza hata kuandika jina langu nifunge."

"Hilo nakuamini," alisema Cuthbert. "Hukubonyeza wewe."

Akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akaichana, akaigeuza ndani nje, akaiweka mezani pamoja na kalamu.

"Andika hapo: mteja mkubwa."

"Ya nini?"

"Andika."

Mujibu akaandika, mwandiko wa madrasa, herufi nzuri za duara. *Mteja mkubwa*. Cuthbert akamsogezea Dorika. Dorika akaandika harakaharaka. *Mteja mkubwa*. Kisha Cuthbert akaichukua pakiti, akaenda mlangoni, akaiweka juu ya goti la Fikirini aliyekuwa ameketishwa kizingitini, akamshikisha kalamu kwenye mkono uliofungwa.

Fikirini hakuuliza la kuandika. Alikuwa ameshasikia. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu, kisha ikaandika maneno mawili, makubwa makubwa na ya wima.

*Nteja nkubwa*.

Cuthbert alirudi kwenye kioo, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho ili hata Rajabu aone. Mstari ulisema: MABOZA, NKUBWA.

"Binti wa Tanga haandiki hivi," alisema. "Mtoto wa madrasa ya Masasi haandiki hivi. Huku juu mtu hutamka 'nkubwa', na anaandika anavyotamka. Cecil naye ni wa huku, lakini Cecil yuko hospitali mwezi mzima na mguu wake. Amebaki mmoja mwenye ufunguo."

Fikirini alikuwa analia bila sauti, pingu zikigongana.

"Ni mimi, afande."

"Sema yote. Hapa hapa, mbele yake."

"Bosi aliniita ofisini. Alisema watu wa maboza wanalalamika, lita zao zinachelewa kuonekana, wanangoja kama ombaomba. Akaniuliza, hodi zao anapokea nani? Nikasema Ndogo. Akakasirika. Akasema, 'Nteja wangu nkubwa anapokelewa na Ndogo? Na huyo Nkubwa anafanya nini?' Nikasema amekaa tu, bosi, anangoja presha. Akasema, 'Amekaa tu! Ukubwa ni jalala, bwana. Nkubwa hachagui, anatupiwa kila kitu. Wapeleke kwake, wawe wa kwanza.'"

"Alikwambia kwamba Dorika amekataa?"

"Hakuniambia. Alisema Dorika amesahau."

Cuthbert akamtazama Mujibu. Meneja alikuwa ameacha kutabasamu.

"Na wewe ulijua ni hatari?"

"Nilijua kidogo," alisema Fikirini. "Dorika alitufundisha, presha ikae peke yake. Lakini, afande, bosi ni ntu nzima, ni kama baba. Nkubwa akishasema, unanjibu nini? Nikasema ndiyo bosi. Jioni nikanwambia Selestini, maana yeye ndiye anayeingia shimoni. Ndipo tukagombana. Alisema, rudisha. Nikasema bosi akiona itakuwaje, ngoja ninwombe kwanza. Akasema..." Fikirini akashindwa.

"Akasema utaniua na adabu yako."

"Ndiyo."

"Na ulimwomba bosi?"

"Alikuwa na wageni. Nilisimama mlangoni nikaona si vizuri kunkatiza. Nikaondoka."

Rajabu alikohoa, akavua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo.

"Bosi alipokuja kituoni alikwambia nini?" Cuthbert aliuliza.

"Alisema nisitaje hodi. Nikinyamaza itaonekana ni mitambo tu, kesi itakufa. Nikisema, itajulikana kidole ni changu. Na kweli ni changu."

"Uongo mtupu!" alisema Mujibu. "Neno la mahabusu na la binti anayefukuzwa!"

"Na la kwako," alisema Cuthbert. "Moja moja, ulisema. Limesikiwa na sajenti, na inspekta, na madereva watatu. Mtu asiyejua hatari hakimbilii dirishani. Ulijua mapema kwa mdomo wa Dorika, ukatafuta mkono wa kukutii. Sajenti, pingu hizo mvue Fikirini umvishe huyu."

Rajabu alifanya hivyo kwa bidii kubwa kuliko ilivyohitajika. Mujibu alitoa mikono yake yote miwili huku akiangalia pembeni, kama mtu anayepimwa nguo na fundi asiyempenda.

Gari la Mtwara lilifika adhuhuri imepita, taa zimewashwa kwa ajili ya ukungu. Dereva alikuwa ameshaelekezwa bondeni. Aliteremka na karatasi yake, akasoma jina.

"Fikirini?"

"Jina limebadilika," alisema Cuthbert. "Andika Mujibu Sadallah. Mauaji futa. Andika kusababisha kifo kwa uzembe. Maelezo nitayaleta mwenyewe."

"Na huyu mwingine?"

"Shahidi. Anarudi kwa mke wake." Akamgeukia Fikirini. "Umesikia? Kitanzi kimetoka. Nenda kwa Zuhra, utaitwa."

Fikirini alisimama akisugua vifundo vya mikono. Akatazama njia ya kupanda mlima, akatazama gari. Kisha akatembea, akafungua mlango wa nyuma, akapanda, akaketi kando ya Mujibu.

"Shuka," alisema Rajabu. "Umeambiwa wewe ni shahidi!"

"Nimesikia, afande. Niandikeni na mimi."

"Huyu ana wazimu," Mujibu alinong'ona. "Mshusheni."

"Dorika aliambiwa na bosi huyuhuyu, akakataa," alisema Fikirini. Hakuwa anaongea na yeyote hasa. "Ilikuwa inawezekana kukataa."

Rajabu alimtazama Cuthbert, akingoja amri ya kumshusha. Cuthbert alifikiria sheria, akaikuta inakubaliana na Fikirini. Mkono uliobonyeza una kesi yake, ndogo kuliko ile iliyokuwa inamngoja asubuhi, lakini ipo. Alikuwa ametaka kuisahau kwa muda. Mwenye mkono hakutaka isahauliwe.

"Muandike," alimwambia dereva. "Kosa hilohilo. Lakini pingu usimfunge."

Yeye mwenyewe akakaa mbele. Gari likapanda mteremko kwa gia ya kwanza. Penye shimo la koki kulikuwa na wanawake. Tope la chini lilikuwa limetuama na maji yamejitenga juu, wakawa wanayachota kwa kata na kuyachuja kwa khanga. Mmoja wao alikuwa amejifunga kaniki ya msiba.

"Afande," alisema Fikirini. "Naomba gari lisimame."

Cuthbert akampa dereva ishara. Fikirini alishuka, akavuka bomba lililopasuka, akasimama hatua chache kutoka kwa Agatha. Wanawake wengine waliacha kuchota. Aliongea, na kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa Cuthbert alisikia kila neno. Alimwambia yote: ofisini, kioo, mlango wa Nkubwa, ule mlango mwingine aliosimama akaona si vizuri kukatiza. Hakujitetea na hakulia. Alipomaliza akapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

Agatha alimsikia. Aliinama akachota kata moja, akaimimina, akachota nyingine, mpaka ndoo ikajaa. Akaiinua mwenyewe, akajitwika, akapita kando yake bila kuitikia, akapanda mlima kuelekea nyumbani. Fikirini alibaki pale chini, goti moja kwenye tope, akingoja marahaba, mpaka Cuthbert alipokwenda kumshika bega.